Kabla ya kuwasha moto sebuleni, jua moshi utapitia wapi

Kipupwe kikibisha hodi, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi huvaa sweta hata wakiwa mezani wakila. Wenzao wa Limuru, Kinangop na Nyahururu, ambao nyumba zao ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huongezea blanketi mabegani na kumlaumu aliyeuacha mlango wazi. Huu ndio msimu ambapo barua kuhusu meko ya sebuleni huja kwa wingi katika ukurasa huu.

Juma hili nimechagua moja tu. Imetoka kwa mama anayeishi karibu na Tigoni. Yeye na mumewe wamemaliza kujenga nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala, na wamemleta humo mavyaa wake anayekaribia umri wa miaka 80. Kwa sababu ya baridi, ajuza huyo hulala na jiko la makaa chumbani mwake. Bwana naye ameamua kujenga meko ya kuota moto sebuleni, yenye dohani, au chimni kama mafundi wetu wanavyoiita. Fundi aliyepatikana amesema kazi hiyo ni ya siku tatu na hahitaji mchoro wowote. "Nina watoto wawili wadogo na dari yangu ni ya mbao," anaandika mama huyo. "Je, nimwamini?"

Nitajibu kwa urefu, maana najua si yeye peke yake. Lakini kuna jambo lisiloweza kungoja fundi wala mchoro. Dada yangu, jiko hilo la makaa litoke chumbani mwa mama leo hii kabla ya jua kutua. Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hujishikiza katika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa pumzi huku akiendelea kuvuta hewa kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mtu aliyelala hayatambui. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia nzima, au wanafunzi waliopanga chumba kimoja, waliopatikana asubuhi wakiwa wamekufa na jiko likiwa katikati ya chumba. Kuliacha liwake nje hadi moshi uishe ndipo uliingize ndani si kinga, kwa kuwa makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa sumu hiyo kwa wingi. Mpeni mama chupa ya mpira ya maji moto ndani ya blanketi. Itamfaa zaidi.

Sasa tuje kwenye meko. Watu wengi hudhani kwamba meko ni shimo ukutani lenye bomba la kutolea moshi. Ukweli ni kwamba ni chombo kinachofanya kazi, kama gari, na kila sehemu yake ina kipimo kinachotegemea kipimo cha nyingine. Moto hupasha hewa, hewa ya moto huwa nyepesi, nayo hupanda kupitia dohani na kuvuta nyingine nyuma yake. Mvuto huo ndio unaoubeba moshi. Ukiudhoofisha kwa dohani fupi, njia nyembamba au chumba kisichoingiza hewa, moshi utarudi sebuleni pamoja na ile sumu niliyoitaja.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani anayejulikana zaidi kama Count Rumford, ambaye mwaka wa 1796 alichapisha maandishi yake kuhusu meko za nyumbani. Alikuta nyumba za London zikiwa zimejaa moshi kwa sababu meko zilikuwa na kina kirefu na koo pana mno. Akazipunguza kina, akazielekeza kuta za kando kwa mshazari ili zirudishe joto chumbani, na akalibana koo la dohani. Mafundi wa leo bado wanafuata mawazo yake, wengine bila kujua ni ya nani.

Kosa kubwa ninaloliona katika nyumba zetu mpya ni njia ya moshi isiyolingana na mdomo wa meko. Mwenye nyumba huona picha ya meko pana kama mlango wa gereji, akamwambia fundi amjengee hivyo hivyo, halafu fundi akaweka bomba la nchi sita. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba eneo la njia ya moshi lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Waingereza huwa waangalifu zaidi, wakitaka asilimia 15. Chukua mfano wa mdomo wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Eneo lake ni sentimita mraba 6,750. Sehemu moja ya kumi ni 675, yaani njia ya mraba yenye sentimita 26 kila upande. Kwa kipimo cha Uingereza utahitaji karibu sentimita 32 kila upande. Mimi ningechagua hicho cha pili, kwani huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi na mvuto hupungua. Na ukiona sebule yako ni ndogo, punguza mdomo wa meko badala ya kujidanganya na bomba.

Urefu nao una kanuni yake. Dohani inapotoka kwenye paa, ipande angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea, kisha iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa, au jengo jingine, iliyo umbali wa mita tatu kutoka hapo. Tembea mtaani ukitazama juu na utaona ngapi zinakiuka jambo hili: vichimni vifupi vilivyojificha chini ya mgongo wa paa, upepo ukigonga mabati na kuusukuma moshi urudi chini. Ndiyo maana wajenzi wa zamani walipendelea kupitisha dohani karibu na kilele cha paa, katikati ya nyumba. Isitoshe, dohani iliyo ndani ya nyumba hukaa na joto, na dohani yenye joto huvuta vizuri kuliko ile iliyobandikwa kwenye ukuta wa nje ikipigwa na umande usiku kucha. Kutoka sakafu ya meko hadi kilele cha dohani, usikubali chini ya mita nne na nusu.

Nilimwendea mzee mmoja wa Limuru ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizikarabati dohani za nyumba zilizojengwa na walowezi, nikamuuliza kuhusu zile siku tatu. Alicheka. "Mwanangu," akaniambia, "siku tatu ni za kuchimba msingi tu na kungoja zege ishike." Hapo alitaja jambo ambalo wengi hulisahau. Meko na dohani ya matofali au mawe ina uzito wa tani kadhaa. Haiwezi kukalia sakafu nyembamba ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Inahitaji msingi wake wenyewe, la sivyo itazama polepole, ukuta upasuke, na ufa huo huo uwe mlango wa moshi kuingia kwenye dari.

Na ufa ndio unaochoma nyumba. Watu huogopa cheche inayorukia zulia, nao wana haki, lakini moto mbaya zaidi huanzia mahali pasipoonekana, pale dohani inapopita katikati ya mbao za dari na boriti za paa. Mbao iliyopashwa joto kila jioni kwa miaka hukauka na kubadilika polepole hadi ikawa tayari kushika moto kwa joto dogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo hakuna mbao inayopaswa kugusa dohani. Acha nafasi ya angalau sentimita tano kila upande, na nafasi hiyo isijazwe vumbi la mbao wala vipande vya silingi. Mama wa Tigoni, hapa ndipo utakapomjua fundi wako. Muulize atafanya nini mahali chimni inapokutana na dari. Akijibu kwamba ataziba kwa saruji hadi igusane na mbao, mshukuru, mpe nauli, na utafute mwingine.

Kuhusu vifaa, ndani ya meko patumike matofali maalumu ya kustahimili moto pamoja na udongo wake wa kuunganishia. Saruji ya kawaida hupasuka na kumeguka ikipigwa na moto wa moja kwa moja. Mawe ya Ndarugo tunayojengea kuta ni mazuri kwa upande wa nje, si mahali ndimi za moto zinapolamba. Mawe ya mtoni ndiyo mabaya kabisa, kwani yanaweza kuwa na maji ndani, na maji hayo yakigeuka mvuke jiwe hupasuka kwa kishindo. Njia ya moshi nayo ipangwe mabomba ya udongo uliochomwa au ya chuma kisichoshika kutu, yasiyo na upenyo katika maungio.

Ninasikitika kusema kwamba hapa ndipo wenye nyumba wengi hubania pesa. Wananunua marumaru ya mbele na ubao wa mvule wa kuwekea picha za harusi, kisha wanaambiana kwamba matofali ya moto ni ghali. Wageni wataona marumaru. Lakini matofali yale yasiyoonekana ndiyo yatakayowalinda watoto wakiwa wamelala.

Mbele ya meko pawe na sakafu isiyoungua, ya mawe, vigae au zege. Kwa mdomo mkubwa kama ule wa mfano wetu, itokeze sentimita 50 mbele na sentimita 30 kila kando. Zulia, kapeti na kochi la sponji vikae mbali na hapo. Wavu wa chuma uwekwe mbele ya moto kila unapowaka, na nyumba yenye watoto wadogo iwe na uzio imara ambao hawawezi kuuvuta wala kuupindua. Juu ya koo la meko huwekwa kifuniko cha chuma kinachofungwa wakati hakuna moto, ili baridi isishuke. Hiki usikifunge mapema usiku ukidhani moto umekufa. Makaa yakiwa bado mekundu, kifuniko kiwe wazi. Na kwenye kilele kuwe na kofia ya kuzuia mvua pamoja na wavu wa kuzuia cheche, hasa kama jirani yako ana paa la nyasi au makuti. Wavu huo pia huwazuia ndege. Nyuki hupenda sana dohani isiyotumika, na yule mzee wa Limuru anasema amekimbia juu ya mabati mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka.

Je, hewa itaingia wapi? Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na ikifika Julai watu huyaziba kwa magazeti (naamini hili pia limewahi kutumika hivyo). Nyumba yenye meko haiwezi kuzibwa hivyo. Moto unakula hewa nyingi, na ukikosa ya kutoka nje utaivuta ile iliyomo ndani ya dohani yenyewe, pamoja na moshi wake. Ikiwa kuna feni ya kutoa harufu jikoni, izimwe moto ukiwaka, maana huvuta hewa upande wake. Kadhalika, ningalipenda kila nyumba yenye meko iwe na kile kifaa kidogo cha ukutani kinachopiga king'ora kinapotambua kaboni monoksidi. Kinatumia betri na hakihitaji fundi.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda lisimfurahishe bwana wa Tigoni. Meko ya wazi hupendeza macho, lakini katika kupasha nyumba joto ni mfujaji. Asilimia 80 na zaidi ya joto la kuni hupanda nalo moshi, na hewa ya chumba iliyokwisha kupata joto hufuata nyuma. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango wa kioo na bomba lake, hutoa joto maradufu kwa kuni chache zaidi. Ni jepesi pia, kwa hiyo halidai msingi wa tani kadhaa, jambo la maana kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kama yao. Sharti ni kwamba bomba linalopita kwenye dari na paa liwe la kuta mbili zenye kizuia joto katikati. Bomba la bati moja lililokunjwa pale jua kali linafaa kwa moshi wa jikoni nje, wala si la kupitishwa kati ya mbao. Kama ingalikuwa nyumba yangu, na lengo likiwa kumpasha joto mama wa miaka 80, ningechukua jiko la chuma, nikahamishia kitanda chake katika chumba kilichopakana na sebule, na mlango ukaachwa wazi jioni.

Lolote watakalochagua, wasianze bila mchoro. Kutoboa paa na kujenga dohani ni kubadilisha jengo, na ruhusa hutoka kwa serikali ya kaunti. Kanuni za kitaifa za ujenzi za 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968, kwa hiyo mchoraji asije na mazoea ya zamani. Kama una bima ya nyumba, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kazi. Wanaoishi katika fleti za kupanga hawana haja ya kusoma aya hii. Kwao, suluhisho la baridi ni madirisha yasiyopitisha upepo, blanketi na chai ya tangawizi.

Dohani ikikamilika, isiwashwe moto mkubwa siku hiyo. Acha ujenzi ukauke kwa majuma kadhaa, kisha anza na moto mdogo jioni chache mfululizo. Kabla ya hapo fanya jaribio: choma gazeti lililokunjwa ndani ya meko, huku mtu akiwa juu ya paa na mwingine darini na tochi. Moshi ukionekana darini, hata kidogo kama wa sigara, kazi haijaisha na malipo ya mwisho yasitolewe.

Kuni zenyewe ni somo. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuchoma, moto unafanya kazi ya kukausha badala ya kupasha, na moshi wake mzito huganda kwenye kuta za dohani ukawa masizi meusi ya kunata kama lami. Masizi hayo huwaka. Siku yakishika moto, dohani hunguruma kama lori linalopanda mlima na joto ndani yake linaweza kufikia digrii 1,000 za sentigredi. Pasua kuni, zipange mahali penye paa na upepo, na uzipe miezi sita hadi mwaka. Muwati uliokauka ni mzuri sana. Mkalitusi pia unafaa ukikauka barabara. Msaipresi huwaka haraka na kurusha cheche, hivyo utumie kuwashia tu. Usichome mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, wala vipande vya nguzo vilivyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa kuwa nyingine zina aseniki ndani yake. Dohani isafishwe kwa brashi angalau mara moja kwa mwaka, na mwezi mzuri ni Mei, kabla ya baridi.

Ukisikia mngurumo huo, funga mlango wa jiko au kifuniko cha meko ikiwa unaweza kukifikia bila kuungua, wote watoke nje, mwiteni mtu wa zimamoto, na msirudi ndani kuokoa televisheni. Usimwage maji ndani ya dohani, kwani vigae vya moto vikipata maji ghafla hupasuka.

Limebaki jivu. Makaa madogo ndani yake yanaweza kubaki hai kwa siku tatu au nne huku juu pakionekana pamepoa, kwa hivyo lisitiwe kwenye ndoo ya plastiki wala katoni, bali kwenye debe la chuma lenye kifuniko, na debe likae nje juu ya mawe. Likishapoa kabisa, nyunyiza kidogo kwenye sukuma wiki. Usilipeleke kwenye chai, ambayo hupenda udongo wenye asidi, wala kwenye viazi, maana jivu jingi huvitia upele.